Fahamu: Kwa nini mhudumu wa meli ya kitalii anakuomba alama za juu

Usiku wa mwisho wa safari, mhudumu aliyekuwa akikutandikia kitanda anasimama mlangoni: "Samahani bosi, wakikutumia dodoso, naomba usinisahau." Ombi hilo huwakera abiria wengi, ila shinikizo limetoka kwa wakubwa wake.

Kampuni nyingi za huduma, zikiwemo za meli za kitalii, hutumia kipimo alichokitangaza Mmarekani Fred Reichheld mwaka 2003. Mteja huulizwa, kuanzia 0 hadi 10, ni kwa kiwango gani angempendekezea rafiki yake huduma ile. Wanaotoa 9 na 10 tu ndio huhesabiwa kuwa wapiga debe wa kampuni. Alama 7 na 8 hazimfaidishi mtu, na kuanzia 6 kushuka ni hasara. Yaani 8, ambayo shuleni tungeishangilia, hapa haisaidii kitu!

Wahudumu wengi wa meli hizi hutoka Ufilipino, Indonesia na India, kwa mikataba ya miezi kadhaa. Alama mbaya zinaweza kumnyima mtu cheo au mkataba mwingine. Ni dhuluma kumtwisha mhudumu lawama za bandari iliyorukwa kwa sababu ya dhoruba. Kama alikuhudumia vizuri, mtaje kwa jina na ueleze alichofanya. Malalamiko kuhusu meli yaandike kando, yaelekezwe kwa kampuni.