Laptopu yako yaweza kusaidia utafiti wa mvua na malaria, lakini ihurumie betri

MSOMAJI, hebu itazame laptopu iliyo hapo mezani. Yamkini imewashwa tangu asubuhi, na kazi yote iliyofanya ni kucheza nyimbo mbili na kufungua barua moja ya kikazi. Muda uliobaki imekaa tu, kama trekta lililoegeshwa uani msimu wa kulima.

Nguvu hizo zinazolala bure zaweza kuazimwa. Mnamo Mei 1999 Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani, kiliwaomba watu wa kawaida wakisaidie kuchambua mawimbi ya redio yatokayo angani, ili kutafuta dalili za viumbe wengine huko mbali. Viumbe hao hawakuonekana, na Machi 2020 mradi huo uliacha kugawa kazi. Njia yenyewe, hata hivyo, ilishika mizizi. Hesabu kubwa mno hukatwa vipande vidogo, kila kompyuta ikapewa kipande chake kupitia intaneti, ikakipigia hesabu wakati mwenyewe hana haja nayo, kisha ikarudisha jibu na kuchukua kingine. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni kikubwa kweli.

Huenda ukauliza, mzazi wa Kitale au Bungoma yamhusu nini mambo ya Berkeley?

Yamhusu sana. Mkulima wa Trans-Nzoia anajua kwamba mvua yaweza kulowesha shamba la jirani na kuliacha lake kavu. Mvua nyingi za Afrika ni za namna hiyo, mawingu yanayokusanyika na kumwaga mahali padogo, na mitambo ya utabiri inayoitazama nchi kwa miraba mipana huyapita bila kuyaona. Ndiyo sababu mnamo Oktoba 2019 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kilianzisha mradi wa kuiga mvua ya Afrika, kusini mwa Sahara, kwa miraba ya kilomita moja tu. Kilishirikiana na TAHMO, shirika linaloweka vituo vya kupimia hali ya hewa barani, vingi vyavyo katika viwanja vya shule. Hesabu zake ziligawiwa watu wa kujitolea kupitia World Community Grid, mpango ulioanzishwa na kampuni ya IBM mwaka 2004 na kukabidhiwa Taasisi ya Krembil ya Toronto, Kanada, mwaka 2021.

Ukishuka Bungoma habari ni malaria. Tangu mwaka 2006 hadi 2016 taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Basel, Uswisi, ilitumia kompyuta za watu wa kujitolea kuiga jinsi malaria inavyoenea kijijini: nani anang'atwa, nani anapata kinga, neti zinapunguza nini. Hesabu hizo zilitumiwa pia kukadiria chanjo ya malaria ingesaidia kwa kiasi gani kabla haijawafikia watoto. Chanjo yenyewe, RTS,S, ilianza kutolewa kwa majaribio nchini Kenya Septemba 2019 katika sehemu za kaunti nane za upande wa Ziwa Viktoria, na Bungoma ilikuwa miongoni mwazo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Sisemi kwamba laptopu ndizo zilizoleta chanjo. Nasema zilibeba sehemu ya mzigo wa hesabu.

Sasa tuje kwenye betri, maana hapa ndipo wengi huumia.

Betri ya laptopu za siku hizi ni ya lithiamu, na ina maadui wawili wakubwa: joto, na kukaa imejaa pomoni muda mrefu. Kazi hizi za kujitolea huleta wote wawili kwa pamoja. Prosesa inapopiga hesabu bila kupumzika hutoa joto, na kwa kuwa chaja imechomekwa usiku kucha, betri inakaa kwenye asilimia 100 huku inachemka. Itaharibika polepole bila kelele, mpaka siku stima inapotea katikati ya kazi ya chuo na laptopu inazimika baada ya dakika kumi.

Usidanganyike na ule ushauri wa zamani kwamba betri sharti iishe kabisa ndipo uichaji. Huo ulikuwa wa betri za nikeli na kadimiamu. Hii ya lithiamu hupenda kukaa katikati. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80 au hata 60. Kama yako inao, uwashe leo, hata kama hutaki kusikia habari za mvua ya Delft.

Programu inayotumiwa na miradi mingi, iitwayo BOINC, nayo yatoka Berkeley. Kwa kawaida huja ikiwa imepangwa isimame mara chaja inapotolewa. Mpangilio huo usiuguse. Stima ikipotea, programu itatulia na kukuachia betri kwa shughuli zako, na kazi huendelea kutoka mahali ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Kisha iamuru itumie nusu tu ya prosesa. Kazi itachelewa, lakini feni haitanguruma kama posho mill.

Na mahali pa kuiweka pana maana. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na baridi ya jioni humfanya kijana ajifunike blanketi na kuiweka laptopu juu yake. Blanketi hilo huziba matundu ya hewa! Bungoma, iliyo chini zaidi, shida ni chumba cha mabati mchana wa Januari. Huko kazi ifanywe usiku, juu ya meza ngumu.

Gharama nayo ipo. Laptopu ikila wati 30 za ziada kwa saa sita kila siku, mwezi mzima ni uniti tano na nusu za stima. Zidisha kwa bei ya tokeni zako, kisha ujumlishe bando, kwani kazi nyingine zina mafaili mazito. Mwanafunzi mwenye laptopu moja tu, ambayo ndiyo ataandikia utafiti wake, ningemshauri aipe saa mbili tatu za usiku basi. Kompyuta za shule au ofisi hazina ruhusa yako. Omba kwanza kwa mwenyewe.

Ukiona kibao cha kugusia kimeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, umpelekee fundi.

Mitihani ikifika, izime bila wasiwasi. Kila kazi ina siku yake ya mwisho, na ikipita kabla hujarudisha jibu, kipande kile hupewa kompyuta ya mtu mwingine.