Mgonjwa Anapopaliwa Mara kwa Mara

Kila mtu amewahi kupaliwa. Unakunywa maji huku unacheka, maji yanakwenda kombo, unakohoa mpaka machozi yanakutoka. Halafu yamekwisha. Lakini kwa mtu aliyepatwa na kiharusi, jambo hilo hilo linaweza kumwua.

Mwanakisomo mmoja alinieleza habari za baba mkwe wake. Mzee alipooza upande mmoja na mdomo ukaenda upande. Nyumbani walimtunza kwa moyo. Walimlaza chali wakamnywesha uji mwepesi kwa kikombe, asubuhi na jioni. Kila akinywa, alikohoa. Baada ya siku chache akashikwa na homa, akawa anahema haraka haraka. Zahanati wakasema ni nimonia. Yule mama akaniuliza, "Mwalimu, baridi ilimwingiaje, na sisi tulimfunika mablanketi mawili?"

Haikuwa baridi. Ulikuwa uji.

Kooni mna njia mbili. Ya nyuma hupeleka chakula tumboni. Ya mbele hupeleka hewa mapafuni. Tunapomeza, njia ya hewa hufungwa upesi, na kuna kifuniko kidogo kinachosaidia kazi hiyo. Kitu kikipenya, kikohozi hukitoa. Sasa, kiharusi huumiza ubongo, na ubongo ndio unaoamrisha ulimi na koo. Misuli hulegea. Njia ya hewa huchelewa kufungwa. Uji na mate huteremka mapafuni pamoja na vijidudu vya mdomoni. Vijidudu hivyo vikizaana huko, mgonjwa hupata nimonia.

Utajuaje kama mgonjwa wako yumo hatarini? Mtazame anapokula. Je, anakohoa akinywa? Mate yanamchuruzika? Chakula kinabaki shavuni? Tonge moja analimeza mara tatu, nne? Akishameza, mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa ya majimaji, kama ya mtu anayesukutua, ujue kitu kimebaki kooni.

Lakini tusidanganyike. Wako wanaopaliwa kimya kimya, bila kukohoa hata kidogo, maana koo limekufa ganzi. Hao utawatambua kwa homa inayorudi rudi, kifua kinachokoroma, na kukonda.

Si kila anayepaliwa atapata nimonia. Hatari huzidi kwa mgonjwa anayelishwa na mtu mwingine, asiyeweza kukohoa kwa nguvu, na mwenye meno mabovu au kinywa kichafu. Habari ya kinywa watu wengi huipuuza. Huko Japani, wataalamu waliwafuata wazee katika nyumba 11 za kutunzia wazee kwa miaka miwili, wakatoa matokeo mwaka 1999. Kati ya wale ambao hawakusafishwa vinywa kwa mpango maalumu, karibu 19 katika kila 100 walipata nimonia. Waliosafishwa kila baada ya chakula walikuwa 11.

Mtu akipatwa na kiharusi, mpelekeni hospitali upesi. Msimpe kitu mdomoni, hata maji, hata vidonge, mpaka apimwe jinsi anavyomeza. Muuguzi humketisha, humpa kijiko cha maji, hutazama koo na kusikiliza sauti. Akiona salama, huongeza. Akiona si salama, mgonjwa huenda akalishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani.

Mkisharudi nyumbani, aketi wima anapokula, kidevu kikiinama kidogo. Tumia kijiko kidogo. Subiri ameze kabla ya kumpa kingine. Akisinzia, acha. Kumfumbua mdomo na kummiminia uji kwa nguvu ni kumzamisha. Akimaliza, akae hivyo hivyo nusu saa, na kinywa kisafishwe. Maji hukimbia sana kooni, kwa hiyo wengine humudu zaidi uji mzito kidogo usio na madonge. Lakini hayo yaamuliwe na mganga, kwa sababu wapo wanaoshindwa na huo mzito pia. Akipata homa, akihema haraka, au akianza kuchanganyikiwa ghafla, msingoje kesho. Mwelezeni mganga kwamba hupaliwa akila, maana asipoambiwa anaweza asijue.

Yule mzee alipona nimonia ile. Siku hizi hulishwa ameketi, mgongo umeegemezwa gunia la pumba. Mkwewe anasema bakuli moja la uji huchukua karibu saa nzima.