Lorax: Hadithi iliyozaliwa Nanyuki na somo lake kwa mikoko ya Lamu

MKOKONI ni kijiji cha wavuvi kilichoko bara, kaskazini mashariki mwa Lamu, mkabala na kisiwa cha Kiwayu. Jina lake halihitaji mfasiri. Ni mahali penye mkoko, mti uotao kwenye matope ya maji ya chumvi, ambao kwa karne nyingi umewapa watu wa pwani nguzo za nyumba, kuni na riziki.

Mzazi wa huko akiketi na wanawe kutazama filamu ya katuni iitwayo The Lorax, hataiona ngeni. Ni habari ya nchi iliyojaa miti, ya mtu aliyefika na shoka, na ya siku ambayo mti wa mwisho ulianguka.

Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 2 Machi 2012, siku ambayo mwandishi wa kitabu chake, Theodor Seuss Geisel, angetimiza miaka 108 lau angalikuwa hai. Iliongozwa na Chris Renaud, naye mwigizaji Danny DeVito akatoa sauti ya Lorax. Iligharimu takriban dola milioni 70 na kuingiza karibu dola milioni 350 duniani kote.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana aitwaye Once-ler avumbua vazi liitwalo Thneed, linalofumwa kwa manyoya ya miti ya Truffula. Lorax, kiumbe mdogo mwenye masharubu, anatokea kuisemea miti isiyo na ulimi. Once-ler hamsikilizi. Wanunuzi wanaongezeka, kiwanda kinapanuka, wanyama wanahama, na hatimaye miti inakwisha.

Wengi hawajui kwamba kisa hiki kilizaliwa Kenya. Geisel, aliyefahamika zaidi kwa jina la Dr. Seuss, alikuwa na nia ya kuandika juu ya uharibifu wa mazingira, lakini maneno yalikataa kuja. Mwaka 1970 mkewe, Audrey, alimshauri wasafiri hadi Kenya. Wakiwa katika hoteli ya Mount Kenya Safari Club, Nanyuki, mwandishi huyo aliona kundi la ndovu likipita kilimani, na fundo likafunguka. Alishika karatasi ya orodha ya nguo za dobi iliyokuwa karibu naye, akaandika sehemu kubwa ya kitabu kwa alasiri moja. Kitabu kilichapishwa mwaka 1971.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, akiwemo Nathaniel Dominy wa Chuo cha Dartmouth alikosomea Geisel, walitoa hoja kwamba huenda Lorax aliigwa kutokana na mnyama wa Laikipia. Walimtaja tumbili aina ya patas, mwenye manyoya ya rangi ya kutu na masharubu meupe, ambaye chakula chake kingi hutoka kwa mgunga ule unaopiga mluzi upepo unapopita. Mgunga ukitoweka, tumbili huyo naye yumo hatarini. Kwa hoja hiyo, Lorax si mgeni aliyekuja kuihukumu miti na wakataji wake. Yeye mwenyewe anaishi kwa mti huo.

Hapo ndipo hadithi ya bara inapokutana na ile ya pwani. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika Kaunti ya Lamu. Mizizi yake hushika udongo na kupunguza nguvu ya mawimbi, na baina ya mizizi hiyo samaki wachanga na kamba hujificha hadi wakue. Mvuvi wa Mkokoni, hata asiposhika shoka maishani mwake, anakula kwa mkoko.

Lakini mkataji naye anakula kwa mkoko. Majahazi yalibeba boriti za Lamu hadi Arabuni na Ghuba kwa karne kadhaa, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Biashara ya ndani iliendelea, na ufundi wake una lugha yake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila moja kwa unene wake na kazi yake. Mwezi Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma nchini, familia nyingi za Lamu zilijikuta hazina kipato. Zililalamika, na zilikuwa na haki ya kusikizwa.

Malalamiko ya namna hiyo yalikifikia hata kitabu chenyewe. Mwaka 1989, katika mji wa Laytonville, California, watu wa familia za wakata miti walitaka kiondolewe katika orodha ya vitabu vya lazima shuleni, wakisema kinawafundisha watoto kuidharau kazi ya baba zao. Bodi ya shule ilikataa ombi lao.

Yafaa hapa kutofautisha kitabu na filamu. Filamu imeongeza adui, tajiri O'Hare anayeuza hewa ndani ya chupa, ili mtazamaji apate wa kumchukia. Kitabuni hayupo. Kitabuni yupo mtu mmoja tu ambaye hakujua kusema basi, na ambaye kiwanda chake kilifungwa siku ile ile mti wa mwisho ulipoanguka. Kosa lake halikuwa shoka, kwani hata fundi wa jahazi analo. Kosa lake ni kwamba hakuhesabu miti iliyobaki wala hakupanda mmoja.

Mkataji wa Lamu akiachiwa mti mchanga ukue, akikata uliokomaa na kupanda palipo wazi, mwanawe naye atapata boriti na mvuvi atapata samaki. Mtangawanda, kisiwani Pate, tayari wanawake wanapanda mikoko palipoharibiwa.

Kitabu kinamalizika kwa mbegu moja ya mwisho kutiwa mkononi mwa mtoto. Mkoko una ukarimu zaidi: mbegu yake huchipua ingali juu ya mama yake, kisha hudondoka kama mkuki na kujisimika matopeni. Ila mama huyo sharti awe bado amesimama.