Kilo Mia za Mvuto: Gitaa Kuukuu la Kijapani la Nyuzi Kumi na Mbili

Mtu akikuletea gitaa kavu la nyuzi kumi na mbili lililotengenezwa Japani miaka hamsini iliyopita, usianze na jina lililoandikwa kichwani. Lilaze mezani, chukua rula ndefu ya chuma iliyonyooka, uilaze juu ya freti kuanzia shingoni kuelekea darajani. Ncha ya rula ikitua juu ya mbao ya daraja, au ikapita juu yake kidogo, una chombo. Ikigonga ubavu wa daraja, chini ya uso wake, basi shingo imeshavutwa mbele, na unachouziwa ni kazi ya fundi. Karibu kila kitu katika gitaa hili, utamu wake na maradhi yake, kinatokana na jambo moja: mvuto wa nyuzi.

Gitaa la nyuzi sita za chuma, likifungwa nyuzi nyepesi na kutuniwa kawaida, hubeba mvuto wa kilo 70 na ushei. La nyuzi kumi na mbili huvuka kilo 100, hata kama nyuzi zake ni nyembamba kuliko hizo. Ni sawa na mifuko miwili ya saruji inayoning'inia kati ya kichwa cha gitaa na ubao wa uso wenye unene wa milimita tatu hivi, usiku na mchana, hata siku ambazo hakuna anayeligusa. Mtengenezaji anaweza kuongeza mbao za kuimarisha ndani ya tumbo. Akizidisha, uso hautetemeki na gitaa linakuwa bubu. Akipunguza, uso unavimba nyuma ya daraja. Ufundi wa gitaa hili uko katikati hapo.

Nyuzi zimepangwa jozi sita. Jozi mbili za sauti nyembamba, E na B, ni pacha wa noti moja. Katika jozi nne zilizobaki, yaani G, D, A na E nene, kila uzi mkubwa umewekewa mwenzake mwembamba unaolia oktava moja juu. Wapiga udi wa Zanzibar na Mombasa hawatashangazwa na nyuzi za jozi, maana udi wao una jozi tano na uzi wa besi unaokaa peke yake. Tofauti ni kwamba jozi za udi ni pacha watupu, hazina oktava, na nyuzi zake hazivuti mbao kwa ukali wa chuma.

Msomaji anaweza kuuliza: nyuzi mbili za noti moja zikipigwa pamoja, kwa nini zisisikike tu kama uzi mmoja wenye nguvu? Kwa sababu hazilingani kikamilifu hata siku moja. B hutetemeka mara 247 hivi kwa sekunde. Pacha wake akitetemeka mara 248, sauti hizo mbili hukutana na kuachana mara moja kila sekunde, na sikio husikia sauti inayopanda na kushuka taratibu, inayong'aa. Tofauti ikifika mara nne au tano, mng'ao huo unageuka kero. Ndiyo maana mpiga gitaa la nyuzi kumi na mbili hutumia muda mwingi kutuni, na asiyekuwa na subira ya kutuni asilinunue.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Zuia kwa kidole wenza wote, yaani nyuzi nyembamba za oktava na pacha wa pili wa B na E, tuni kwanza zile sita kuu kama gitaa la kawaida, ndipo urudi kwa kila mwenza mmoja mmoja na umlinganishe kwa sikio na mwenzake, si kwa mashine. Mashine hukuambia kwamba kila uzi uko sahihi peke yake. Sikio ndilo linalojua kama jozi imeelewana.

Uzi wenye sauti ya juu kuliko zote hauko pembeni, uko katikati ya shingo. Ni oktava ya G. Hutetemeka mara 392 kwa sekunde, wakati E nyembamba iliyoko pembeni hutetemeka mara 330 tu. Unene wake ni kama milimita 0.2, na huo ndio unaokatika kabla ya wenzake. Wengi hudhani dawa ni kufunga uzi mnene kidogo. Haisaidii. Uzi mnene unadai kuvutwa zaidi ili ufike noti ileile, na kwa urefu uleule wa sentimita 63 hadi 65, mkazo unaoingia ndani ya chuma unabaki palepale. Kinachouokoa uzi huo ni kushusha noti, na nitalirudia jambo hilo kwa sababu linaokoa mengi zaidi ya uzi mmoja.

Gitaa la nyuzi kumi na mbili lilikuwa na historia yake Marekani kabla viwanda vya Japani havijaligusa. Huddie Ledbetter, aliyejulikana kama Lead Belly, alijijengea jina kwa gitaa lake kubwa la Stella, na alifariki mwaka 1949 akiwa amerekodi hazina ya nyimbo. Blind Willie McTell wa Georgia alipiga gitaa la aina hiyohiyo katika blues. Lead Belly hakulituni hadi E. Alilishusha sana, mpaka kwenye C au hata B, na mngurumo wa besi unaosikika katika rekodi zake umetokana na uamuzi huo. Kisha mwanzoni mwa 1963 kundi la Rooftop Singers likashika nafasi ya kwanza Marekani kwa wimbo Walk Right In, uliopigwa kwa magitaa ya nyuzi kumi na mbili, na vijana wengi wakaanza kuyatafuta madukani.

Japani ilikuwa tayari. Dola moja ilibadilishwa kwa yeni 360, kiwango kilichosimama hivyo hadi 1971, kwa hiyo gitaa la Kijapani lilifika Marekani na Ulaya kwa bei ambayo mwanafunzi angeweza kuimudu. Mafundi walikuwepo. Kiwanda cha Nippon Gakki cha mji wa Hamamatsu, ambacho chapa yake ni Yamaha, kilikuwa kikitengeneza ala tangu karne ya 19. Mwaka 1966 kikatoa magitaa ya kwanza ya mfululizo wa FG, FG-180 na FG-150, na la nyuzi kumi na mbili katika familia hiyo, FG-230, likafuata kabla ya muongo kwisha. Kampuni ya Takamine ilipata jina lake kutokana na mlima ulio karibu na karakana yake mkoani Gifu. Huko Matsumoto, mkoani Nagano, kiwanda cha Matsumoku kilitengeneza magitaa ya Epiphone baada ya chapa hiyo ya Kimarekani kuhamishia kazi Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nagoya na viunga vyake vilijaa karakana na makampuni ya ala. Wapenzi wa taarab ya Mombasa wana deni na mji huo: ni huko Nagoya ambako Goro Morita alibuni taishokoto mwaka 1912, akiipa vibonye vilivyoigwa kutoka taipureta, na ala hiyo ikavuka Bahari ya Hindi ikapata makao katika taarab yetu.

Yeni ilipopanda thamani, kazi ya magitaa ya bei nafuu ilianza kuhamia Taiwan, kisha Korea. Hivyo basi, ukichungulia ndani ya tundu la sauti la Yamaha na kukuta lebo nyekundu yenye maneno Nippon Gakki, unatazama kazi ya Hamamatsu ya miaka ya mwanzo. Jina Nippon Gakki lilidumu hadi 1987, kampuni ilipojiita Yamaha Corporation. Lebo za rangi nyingine zinahitaji kusomwa kwa makini, maana baadhi zimeandikwa Taiwan. Magitaa ya Taiwan si mabaya. Ila usilipe bei ya Hamamatsu kwa gitaa la Taiwan.

Wauzaji wana hadithi wanayoipenda, ya magitaa ya "enzi ya kesi", eti ya Kijapani yaliiga ya Kimarekani vizuri mno hadi watengenezaji wakashtakiwa. Ni kweli kwamba baadhi ya Takamine za miaka ya 1970 zina kichwa na maandishi yanayofanana mno na ya kampuni ya Martin ya Marekani. Lakini kesi yenyewe inayotajwa, ile ya 1977, ilifunguliwa na wamiliki wa Gibson dhidi ya wasambazaji wa chapa ya Kijapani ya Ibanez kule Marekani, na ugomvi ulihusu umbo la kichwa cha magitaa ya umeme. Gitaa kavu la nyuzi kumi na mbili halikuwemo. Ukisikia hadithi hiyo dukani, ujue unaandaliwa kulipa zaidi.

Jambo linalodharauliwa katika magitaa haya ni mbao zake. Magitaa mengi ya FG ya lebo nyekundu yana uso wa plaiwudi ya sprusi, si ubao mmoja. Wajuzi hukunja uso wakisikia hivyo, kwa kuwa ubao mmoja huimba kwa upana zaidi na hukomaa kadiri unavyopigwa. Mimi nasema plaiwudi ndiyo sababu tunayazungumzia magitaa haya leo. Tabaka zilizopishana nyuzi za mti hazipasuki hovyo hewa inapokauka, na zinastahimili kilo 100 za mvuto kuliko ubao mmoja mwepesi. Tena katika gitaa la nyuzi kumi na mbili, ambalo oktava zake tayari zinamwaga sauti za juu kwa wingi, uso mgumu kidogo husaidia jozi zisikike moja moja badala ya kuwa ukungu. Ukisikiliza FG-230 iliyotunzwa, kodi ya G iliyoachiwa nyuzi wazi hutoka ikiwa na tabaka zake zote, besi chini na oktava zikimetameta juu.

Baada ya rula, washa tochi na uangalie ndani kupitia tundu la sauti. Gonga polepole kwa kucha chini ya daraja na pembeni mwake. Mbao iliyobanduka gundi hutoa mlio wa kukatika, kama kitu kilicholegea. Kwa nje, ingiza ukingo wa karatasi nyembamba nyuma ya daraja: ikizama, daraja limeanza kung'oka. Uvimbe mdogo wa uso nyuma ya daraja ni wa kawaida kwa gitaa la umri huu. Uvimbe unaoonekana ukiwa umesimama mbali ni habari mbaya. Zungusha funguo zote kumi na mbili. Kisha pima umbali kati ya uzi wa E nene na freti ya 12. Milimita 2.5 ni raha, milimita 4 ni mateso ya vidole.

Umbali huo ukiwa mkubwa, muuzaji atakuambia mfupa wa darajani utasagwa kidogo na mambo yatakaa sawa. Tazama mfupa wenyewe. Kama umebaki na urefu wa kuchezea, ni kweli. Kama umeshasagwa hadi karibu na mbao, mtu mwingine alitumia dawa hiyo kabla yako, na iliyobaki ni kung'oa shingo na kuirudisha kwa pembe mpya. Kazi hiyo ni ya fundi stadi, na kwa Yamaha za zamani ni ngumu zaidi kwa sababu gundi yao haikubali kulainishwa kwa mvuke kirahisi. Mara nyingi gharama huzidi thamani ya gitaa. Epiphone za Matsumoku zina nafuu hapo: shingo zao zimefungwa kwa skrubu, na pembe hurekebishwa kwa kuingiza kipande chembamba cha mbao kwenye maungio.

Sasa lile la kushusha noti. Shusha gitaa zima toni moja, yaani kutoka E hadi D katika nyuzi zote, na mvuto hupungua kwa moja ya tano. Zaidi ya kilo 20 zinaondoka shingoni na darajani bila kugusa mbao. Oktava ya G inapata pumzi na haikatiki ovyo. Ukihitaji kupiga pamoja na wenzako walio kwenye E, funga kapo, kile kibanio cha shingoni, kwenye freti ya pili. Noti zitalingana, na nyuzi zitakuwa laini zaidi chini ya vidole. Wako wanaosema gitaa linapoteza ukali wake likishushwa. Linaupoteza kidogo, na linapata kina ambacho Lead Belly alikijua.

Kulipiga nako kuna adabu yake. Katika jozi za oktava uzi mwembamba umekaa upande wa juu, kwa hiyo mkono wa kulia ukishuka hukutana na oktava kwanza, na ukipanda hukutana na uzi mnene kwanza. Mpigaji anayeelewa hilo anapata sauti mbili tofauti kutoka jozi moja. Kidole cha kushoto lazima kizilaze nyuzi zote mbili, si ule mnene peke yake, la sivyo mwembamba utachakacha. Tumia kipande laini cha plastiki cha kupigia, punguza mwendo, na chagua kodi zinazoacha nyuzi wazi zilie. Solo za kasi zina chombo chake, nacho kina nyuzi sita.

Kwa anayeishi pwani, unyevu na chumvi ya hewani hula nyuzi upesi na kufurisha mbao. Futa nyuzi kila ukimaliza kupiga na ulifungie gitaa ndani ya kasha lake. Usiliache ndani ya gari lililopigwa na jua la mchana, kwa sababu gundi ikilainika huku kilo 100 zinavuta, daraja litahama.

Kama una gitaa la aina hii nyumbani, limeegemea ukuta likiwa limetuniwa hadi E tangu mwaka juzi, lichukue leo ulishushe hadi D kabla hujafanya lolote jingine. Kisha lete rula.