Kutu Inayokula Bomba la Gesi kwa Ndani

Tazama jembe lako. Ukiliacha nje wakati wa mvua, baada ya siku chache litashika kutu. Kutu hiyo unaiona, na unaweza kuisugua. Lakini je, kutu ikiwa ndani ya bomba lililofukiwa ardhini, utaijuaje?

Hilo ndilo tatizo la mabomba ya gesi asilia. Hapa Tanzania gesi hiyo iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, mwaka 1974. Mwaka 2004 ilianza kusafirishwa kwa bomba la chuma hadi Dar es Salaam, ili kuzalisha umeme. Bomba hilo hupita chini ya bahari, kisha chini ya ardhi.

Kutu hutoka wapi?

Gesi ikiwa kavu haileti kutu. Adui ni maji. Gesi hutoka kisimani pamoja na mvuke wa maji. Mvuke ukipoa hugeuka matone, kama yale unayoyaona kwenye kifuniko cha sufuria. Matone hayo huteremka na kutuama mahali bomba linapoinama.

Tena, gesi huweza kuwa na kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Hewa hiyo ikichanganyika na maji hufanya asidi, na asidi hula chuma. Mara nyingi huchimba vishimo hapa na pale. Kwa nje bomba ni zima, kumbe kwa ndani linakwisha. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Hasara yake

Je, kutu ya namna hii inaweza kuleta hasara gani? Fikiri juu ya jambo lililotokea Marekani, karibu na mji wa Carlsbad, jimbo la New Mexico. Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2000, bomba la gesi lilipasuka kando ya mto Pecos. Gesi ikashika moto, ukawaka kwa dakika 55. Watu 12 waliokuwa wamepiga kambi chini ya daraja walikufa.

Wachunguzi walikuta kutu ndani ya bomba. Mahali pengine zaidi ya theluthi mbili ya unene wa chuma ilikuwa imeliwa. Sehemu hiyo ya bomba haikuweza kupitishwa vyombo vya kusafishia.

Namna ya kuzuia na kupima

Mafundi wana njia nyingi. Hizi ni nne kati ya hizo:

1. Kukausha gesi. Kabla ya kuingia katika bomba kuu, gesi hupitishwa katika kimiminika kiitwacho glaikoli. Glaikoli hunyonya maji.

2. Kusafisha. Chombo kinacholingana na upana wa bomba huingizwa ndani. Gesi yenyewe hukisukuma. Nacho hukokota maji na uchafu mpaka mwisho.

3. Kutia dawa. Dawa hutanda juu ya chuma kama mafuta juu ya ngozi, ili maji yasikiguse.

4. Kupima. Kipande cha chuma hupimwa uzito, kisha huwekwa ndani ya bomba. Baada ya miezi kadhaa hutolewa na kupimwa tena. Kliniki, mtoto akipungua uzito, mama hujua pana ugonjwa. Ndivyo ilivyo kwa chuma hiki: kikipungua, fundi hujua kutu inakula. Pia kuna chombo chenye sumaku kinachopita ndani ya bomba na kuonyesha mahali palipoliwa.

Kazi hii haina mwisho. Bomba lililopimwa jana litapimwa tena kesho.

Wewe ufanye nini?

Ikiwa bomba linapita karibu na kijiji chako, usichimbe wala usiwashe moto juu yake. Usiondoe alama zake. Ukisikia mvumo ardhini, ukiona majani yamekauka mahali pamoja tu, au mapovu kwenye dimbwi, ondoka hapo. Usisubiri harufu, kwa sababu gesi asilia yenyewe haina harufu. Waonye wenzako, kisha toa habari upesi kwa viongozi wa kijiji.

Maswali

1. Kwa nini gesi hukaushwa kabla ya kusafirishwa?
2. Fundi hujuaje kwamba kutu inakula bomba kwa ndani?
3. Jadilianeni darasani: bomba likipita karibu nasi, tutawaelezaje watoto wetu hatari yake?