Namna Mbunge Anavyomwuliza Waziri: Somo Kutoka Kinondoni na Temeke



Mwezi uliopita nilivuka bahari kwenda Dar es Salaam kumtazama ami yangu anayekaa Temeke, ambaye alikuwa hajiwezi na sasa hajambo. Jioni ya pili tulikaa barazani kwake pamoja na majirani, wengi wao watu wa kwetu waliohamia huko zamani kutafuta riziki. Mazungumzo yakaingia katika barabara, maji na mafuriko, na kila mmoja akawa anamtaja Mbunge wake: huyu kauliza, yule hakuuliza. Mwisho ami akanigeukia akasema: "Mwanangu, nyinyi huko kwenu kila jimbo lina watu wawili wa kuwasemea, Mbunge na Mwakilishi. Sisi hapa tunaye mmoja tu. Basi mbona sisikii swali la karafuu?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini moyoni niliona haya, kwa sababu nilijua jawabu, na jawabu lenyewe lilikuwa ni mimi.

Wanachama watakumbuka kwamba mwaka jana mkutano wetu uliniagiza niandike barua kwa mheshimiwa wetu. Niliandika kurasa nne. Ndani yake nilitia bei ya karafuu, njia ya kutolea magunia shambani, uhaba wa wachumaji, majamvi ya kuanikia, skuli ya watoto, na ushuru wa mizigo bandarini. Nikaipeleka kwa Mbunge. Baada ya siku nyingi nikaambiwa kwa adabu kwamba mengi niliyoyataja hayamo katika Bunge analokaa yeye, na yaliyobaki hayakuandikwa kwa namna inayoweza kuulizwa. Wakati huo mkutano wa Baraza ulikuwa umekwisha, na msimu ukapita magunia yakitoka shambani kwa vichwa vya watu kama kawaida. Kosa hilo ni la Katibu wenu. Ndiyo maana naandika makala haya, ili tusilirudie.

HAKI YENYEWE IMETOKA WAPI

Kumwuliza Waziri si hisani anayofanyiwa Mbunge. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 63, yasema kwamba Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Na katika njia za kuifanya kazi hiyo, ya kwanza kutajwa ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 nayo inampa Mbunge uhuru wa kusema humo ndani bila kushitakiwa mahakamani kwa maneno yake.

Sisi wakulima wa karafuu tuna sababu ya kuijua thamani ya haki hii. Mwaka 1937, palipotokea ugomvi mkubwa wa biashara ya karafuu hata wafanyabiashara wa Kihindi wakaigomea karafuu ya Unguja na Pemba, maswali juu ya mambo yetu yaliulizwa London, katika Bunge la Waingereza. Waulizaji hawakupata kuchaguliwa nasi. Hapa nyumbani Baraza la Kutunga Sheria lilikuwapo tangu 1926, lakini uchaguzi wa kwanza wa wajumbe haukufanywa mpaka 1957. Wazee wetu waliuza karafuu miaka yote hiyo bila ya kuwa na mtu wa kumchagua awaulizie. Sisi tunaye, na tukinyamaza tusimlaumu mtu.

SWALI LINAVYOKWENDA

Mbunge haamki asubuhi akamwuliza Waziri analolitaka. Swali la kawaida huandikwa, hutiwa sahihi na Mbunge, na hupelekwa kwa Katibu wa Bunge mapema, siku nyingi kabla ya siku ya kujibiwa, ili Wizara ipate kutafuta habari. Swali linalotoa hoja ndefu, au linalotaka maoni tu ya Waziri, au linalogusa kesi iliyo mbele ya mahakama, halipiti.

Siku ikifika, saa tatu asubuhi huko Dodoma, baada ya dua, Spika huliita swali kwa nambari yake. Waziri au Naibu wake husimama na kusoma jawabu lililoandikwa. Hapo ndipo wengi hudhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mwenye swali ana ruhusa ya kuuliza maswali mawili ya nyongeza, na Wabunge wengine Spika akiwaruhusu huuliza moja moja. Jawabu la kwanza limeandaliwa ofisini. La nyongeza Waziri hulitoa papo kwa papo. Mbunge aliyejiandaa huliweka swali lake zito katika nyongeza.

Tena ziko dakika thelathini za kila Alhamisi za kumwuliza Waziri Mkuu, utaratibu uliotokana na Kanuni za mwaka 2007. Maswali yale hayapelekwi kabla, lakini yanatakiwa yawe ya mambo makubwa ya nchi, si ya kisima cha kijiji kimoja. Na kila linalosemwa, la swali na la jawabu, huandikwa katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano. Waziri aweza kusahau, karatasi haisahau.

DARAJA LA KIGAMBONI

Ami yangu alinionyesha mfano ulio karibu na nyumba yake. Kutoka Kurasini, Temeke, kwenda Kigamboni pana Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa tarehe 19 Aprili 2016. Lilijengwa kwa fedha za mfuko wa NSSF pamoja na za Serikali, na kwa kuwa fedha za mfuko hazina budi kurudi, wenye vyombo wakatozwa kila wavukapo. Wenye pikipiki, bajaji na daladala wakalalamika: mtu anayevuka kwenda na kurudi kila siku huona mwisho wa mwezi kama kwamba analipa kodi ya nyumba ya pili.

Hili lilikuwa jambo la jimbo, kwa sababu wavukao ni watu wa Kigamboni na Temeke. Lakini pia lilikuwa jambo la taifa, kwa sababu fedha za mfuko ni za wafanyakazi wa nchi nzima. Mbunge wa Kigamboni tangu 2010 hata alipofariki Novemba 2024, marehemu Dk. Faustine Ndugulile, alilisemea jambo la tozo hilo mara kwa mara. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kuanzia Oktoba 2017 mpaka Mei 2020 alikuwa Naibu Waziri wa Afya, na kuanzia Desemba 2020 mpaka Septemba 2021 alikuwa Waziri wa Mawasiliano. Mtu akiwa Waziri hujibu maswali, haulizi. Hawezi kusimama akaihoji Serikali ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wao. Basi jimbo linalofurahi kupata Waziri hupungukiwa na muulizaji. Faida hiyo ina gharama yake.

Mei 2022 Serikali ilitangaza kupunguza tozo za daraja. Sisemi kwamba swali moja ndilo lililozishusha. Mambo ya Serikali yana mikono mingi. Nasema tu kwamba jambo lililoulizwa, likajibiwa, likaulizwa tena, halikuweza kuzikwa. Kutoka 2016 mpaka 2022 ni miaka sita. Mwenye kutaka swali lizae matunda kwa msimu mmoja, na apande mchicha, asipande mkarafuu.

MAJI YA KINONDONI

Mfano wa pili ni wa maji. Februari 2013 Mbunge wa Ubungo, Bwana John Mnyika, ambaye jimbo lake wakati ule lilikuwa ndani ya Manispaa ya Kinondoni, hakuleta swali bali hoja binafsi, akitaka Bunge liazimie hatua za kuondoa shida ya maji Dar es Salaam. Waziri wa Maji, Profesa Jumanne Maghembe, akatoa hoja kwamba ile ya Mbunge iondolewe. Ikaondolewa, na kikao kikaingia fujo.

Kwa nini nayataja haya? Kwa sababu yanaonyesha tofauti ya zana hizi mbili. Hoja ni panga kubwa: ikipita, Bunge zima limesema. Lakini hoja hupigiwa kura, na wenye wengi huweza kuiangusha. Swali ni kisu kidogo: halilazimishi Serikali kutenda, halibadilishi sheria, wala halitoi fedha. Lakini swali lililokwisha kukubaliwa halipigiwi kura. Hata aliye peke yake katika chama chake aweza kumsimamisha Waziri na kumfanya ajibu. Kila zana ina kazi yake, na mwenye busara huanza na ile anayoimudu.

MLANGO UPI TUGONGE

Sasa turudi kwetu. Kilimo cha karafuu si jambo la Muungano. Bei ya karafuu, kazi za Shirika la ZSTC, njia za mashambani na skuli za watoto ni mambo ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mahali pake pa kuulizwa ni Baraza la Wawakilishi huko Chukwani, Baraza lililoanza mwaka 1980. Hayo tumpe Mwakilishi. Ushuru wa forodha, kodi ya mapato, polisi, na mambo mengine yaliyomo katika orodha ya Muungano, hayo tumpe Mbunge ayapeleke Dodoma. Mimi nililigonga jumba la Dodoma kuuliza habari za majamvi. Si ajabu kwamba sikufunguliwa.

Wako wanachama wanaosema kwamba haya yote ni maneno matupu, kwa sababu jawabu huwa ni lile lile: "mchakato unaendelea", au "fedha zikipatikana". Sikatai, majawabu hayo yapo, na huchosha. Lakini hata jawabu hilo lina mlango. Waziri akisema fedha zikipatikana, nyongeza iulize: je, katika bajeti ya mwaka huu zimetengwa ngapi? Akisema mchakato unaendelea, nyongeza iulize: ulianza lini, na utakwisha lini? Ila Mwakilishi hawezi kuuliza hivyo ikiwa sisi hatukumpa hesabu. Yeye hakulala shambani. Sisi ndio tuliolala.

LA KUFANYA SASA

Kamati imekubali tufanye hivi. Kila tawi lilete jambo moja tu, si sita, likiwa na majina ya mahali na hesabu: njia inatoka wapi inakwenda wapi, ina urefu gani, inahudumia mashamba mangapi, magunia mangapi yalipita msimu uliopita, na ni miezi mingapi gari haliwezi kupita. Asiye na hesabu akahesabu. Bado kuna muda. Kisha tutaliandika swali kwa maneno machache, pamoja na nyongeza mbili, tutampelekea Mwakilishi kabla ya mkutano wa Baraza kutangazwa, na nakala itakaa katika jalada la Chama. Jawabu likitoka litabandikwa ofisini, na tarehe yake, ili mwakani tukumbushane.

Nilipoagana na ami yangu Temeke alinishika mkono, akasema: "Ukirudi tena uniletee karafuu kidogo za chai, na uniletee na swali." Karafuu nitampelekea. Hilo la pili siwezi kulibeba peke yangu.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wasalaam,
Katibu wa Chama