Kadi ya Michoro kwa Kompyuta Kuukuu: Tuanze na Wati

Kompyuta ya ofisi ya mwaka 2012, mathalani Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa Core i5-3470, yaweza bado kuendesha michezo mingi endapo itatiwa kadi ya michoro. Kadi hiyo ndiyo ikokotoayo rangi ya kila nukta ya skrini, maelfu ya hesabu ndogo ndogo kwa wakati mmoja.

Wanunuzi wengi huuliza kwanza juu ya kasi. Swali hilo lingefaa liwe la pili. Pawa saplai ya OptiPlex ya umbo la mnara hutoa wati 275 kwa mashine nzima, na tundu la PCI Express ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75 tu. Kadi ihitajiyo zaidi lazima iletewe waya wake: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 wati 150. Pawa saplai za ofisi mara nyingi hazina waya hizo. Kwa hiyo Radeon RX 570 ya mwaka 2017, itumiayo takriban wati 150, haifai hapa ijapokuwa ina nguvu. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye wati 75, yafaa.

Je, kadi mpya zaidi, ilayo umeme kidogo, si bora? Si lazima. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53, lakini huwasiliana na mashine kwa njia 4 badala ya 16. Katika PCI Express ya kizazi cha 4 kila njia hupitisha takriban gigabaiti 2 kwa sekunde. Katika kizazi cha 3, kilichomo katika kompyuta yetu, hupitisha nusu yake. Data za mchezo zikizidi gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kadi, ziada huvutwa kutoka kumbukumbu ya kompyuta kupitia njia hizo nne, na mchezo hukwamakwama.

Kadi nyingi zilimwagika sokoni baada ya Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji. Zilifanya kazi usiku na mchana. Kinachochakaa kwanza ni feni na lihamu ya kupitishia joto, navyo hubadilishika kwa gharama ndogo. Udanganyifu ni hatari kubwa zaidi: kadi kongwe hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure GPU-Z huweza kuufichua. Muuzaji akikataa kuiwasha kadi mbele yako na kuiendesha mchezo kwa nusu saa, ondoka na fedha zako.